Khabari za Sayyidna Zaid bin Thabit, Bwana wa Elimu ya Mirathi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Masahaba wa Mtume (s.a.w.) kila mmoja alikuwa na mlango wake aliosifika nao. Wako waliosifika kwa ushujaa, na wako kwa kutoa mali, na wako kwa kisomo. Zaid bin Thabit (r.a.) alisifika kwa kuandika na kwa kujua mafungu ya mirathi. Na asili ya elimu hii ya mirathi si hesabu, kama wengi wanavyodhani, bali ni kujua mtu huyu ni nani kwa yule. Hesabu huja mwisho, na mwenye kuikosea huweza kuirudia. Lakini aliyekosea ujamaa wa watu, akamwita mrithi asiyekuwa mrithi, au akamsahau mrithi wa kweli, huyo hata hesabu yake ikiwa sawa amekula mali ya mtu.

Zaid alizaliwa Madina, wakati mji huo ukiitwa Yathrib, yapata miaka 11 kabla ya Hijra. Watu wake ni Banu Najjar katika kabila la Khazraj, nao ndio wajomba wa Abdul-Muttalib, babu yake Mtume, kwani mama yake Abdul-Muttalib, Bibi Salma binti Amr, alikuwa mwanamke wa Banu Najjar. Mama yake Zaid ni Bibi Nawar binti Malik, naye ni wa ukoo huo huo. Baba yake, Thabit bin Dhahhak, aliuawa katika vita vya Buath, walivyopigana Aus na Khazraj miaka 5 kabla ya Hijra. Zaid akabaki yatima, umri wake miaka 6.

Na msomaji na ajue yatima alikuwa nani katika siku za jahiliya. Waarabu hawakuwarithisha wanawake wala watoto wadogo. Mali ya maiti ilitwaliwa na mwanamume awezaye kupanda farasi na kuchukua silaha na kuleta ngawira. Mtoto wa miaka 6, ingawa ni mwana wa maiti wa kumzaa, na ingawa mji wote wamjua ni mwana wa nani, hakuwa mrithi katika ada hiyo. Ujamaa wake ulikuwa wazi, wala haukumpa kitu.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina Zaid alikuwa kijana wa miaka 11, naye alikwisha kuhifadhi sura 17. Jamaa zake wakampeleka mbele ya Mtume wakamkhabarisha, naye akasoma, Mtume akapendezwa. Ndipo alipomwamuru ajifunze khati ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na ziandikwe na mtu wa kuaminiwa. Na Zaid akaijua kwa muda wa nusu mwezi. Katika vita vya Badri alirudishwa kwa udogo wake. Vita vyake vya kwanza ni Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, akichukua udongo pamoja na watu. Na katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9, Mtume alimpa yeye bendera ya Banu Najjar, akaitwaa kwa Umara bin Hazm aliyekuwa nayo. Umara alipouliza kama limefika kwa Mtume neno baya juu yake, akajibiwa la, ila Kurani hutangulizwa, na Zaid alikuwa amehifadhi zaidi kuliko yeye. Nyumba ya Zaid ilikuwa jirani ya Mtume, na wahyi uliposhuka aliitwa akaja na vyombo vyake vya kuandikia.

Basi kijana huyu alikulia Madina katika miaka ile ambayo hukumu za urithi zilikuwa zikigeuzwa moja baada ya moja mbele ya macho ya watu. Kwanza Mtume aliwaunga udugu Muhajirina na Ansari, mtu na mwenziwe, na kwa udugu huo walikuwa wakirithiana. Kisha zikashuka aya katika Sura ya Anfal na Sura ya Ahzab, zikaurudisha urithi kwa watu wa nasaba. Kadhalika mtoto wa kupanga. Zaid bin Haritha, naye ni Zaid mwingine asichanganywe na huyu wetu, alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, hata iliposhuka amri watu waitwe kwa baba zao waliowazaa, akarejea kuitwa bin Haritha. Kwa hukumu hizi udugu wa ahadi na uwana wa kupanga vilibaki katika wema na mapenzi, vikatoka katika mirathi.

Kisha vikaja vita vya Uhudi, mwaka wa 3 wa Hijra, akafa shahidi Saad bin Rabii, mtu wa Ansari, yule ambaye alipounganishwa udugu na Abdurrahman bin Auf alimwambia atwae nusu ya mali yake. Saad aliacha mke na mabinti wawili. Nduguye Saad akaja akaitwaa mali yote kwa ada ya zamani, asiwaachie wale wasichana kitu. Mama yao akawachukua akenda nao kwa Mtume akamshitakia, akamweleza yakuwa mabinti wasiokuwa na mali hawataolewa. Mtume akamwambia Mwenyezi Mungu atahukumu katika jambo hilo, na ikashuka aya ya mirathi katika Sura ya Nisaa. Mtume akamwita yule ami yao akamwamuru awape wasichana thuluthi mbili, na mama yao thumuni, na kinachobaki ni chake yeye. Yaani mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti 16, mke 3, na ami 5. Katika Uislamu hii ndiyo mirathi ya kwanza iliyogawanywa kwa aya hiyo, kama walivyosema maulamaa. Ami hakunyimwa kwa sababu ya tamaa yake, kwani yeye ni jamaa kweli, naye ana njia yake. Lakini aliwekwa mahali pake, nyuma ya walio karibu kuliko yeye. Nyumba hii ya Saad bin Rabii itatajwa tena huko mbele, kwa maana Zaid alikuja kuoa humo.

Alipokufa Mtume (s.a.w.) Zaid alikuwa kijana wa miaka 21 au 22. Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote wanaijua hata watoto wa chuoni: baada ya vita vya Yamama, walipouawa wasomaji wengi, Sayyidna Abubakar kwa shauri la Sayyidna Umar alimwamuru aikusanye Kurani, akaifuata katika makuti ya mitende na mawe membamba na vifua vya watu, na katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman akawa mkubwa wa wale wanne walioinakili misahafu iliyopelekwa miji mikubwa. Vitabu vingi vimeieleza kazi hiyo. Karatasi hizi ni za ule mlango wake wa pili.

Imepokewa yakuwa Mtume aliwataja masahaba zake, kila mmoja na sifa yake, na katika hao akamtaja Zaid kuwa ndiye ajuaye faraidhi zaidi. Wataalamu wa hadithi wana maneno katika sanadi yake, lakini masahaba wenyewe walikwenda kwa maana hiyo. Sayyidna Umar alipokuwa Jabiya katika nchi ya Sham alisimama akawahutubia watu, akawaelekeza: mwenye kutaka kisomo na aende kwa Ubayy bin Kaab, mwenye kutaka fikihi na aende kwa Muadh bin Jabal, na mwenye kutaka kuuliza mirathi na aende kwa Zaid bin Thabit. Na Umar alipokuwa akisafiri mara nyingi alimwacha Zaid kuwa naibu wake Madina.

Amma kazi yenyewe aliyokuwa akiulizwa Zaid ilikuwa hivi. Mtu akifa, huulizwa kila adaiye ujamaa: kati yako na maiti yuko nani? Asiyekuwa na mtu kati, kama mwana, baba, mama, mume na mke, huyo hazuiliwi kabisa. Mwenye mtu kati huulizwa: huyo wa kati ni mwanamume au mwanamke, na yu hai au amekufa? Kwani aliye nyuma ya mwanamume aliye hai huzuiliwa naye, kama babu azuiliwavyo na baba. Na babu mzaa mama, aliye nyuma ya mwanamke, si mrithi wa fungu wala wa baki, ingawa ndiye aliyemlea maiti tangu kuzaliwa.

Hapa lugha ya watu huingiza watu katika makosa, na lugha ya watu wa pwani si kidogo katika hilo. Sisi husema ndugu, na neno hilo huingia aliyezaliwa na maiti baba mmoja na mama mmoja, na wa kwa baba tu, na wa kwa mama tu, na mwana wa ami, na hata mtu wa mtaa mmoja. Katika mirathi hao ni watu mbali mbali. Ndugu wa kwa mama akiwa pekee ana sudusi yake, na wakiwa wengi wote hushirikiana katika thuluthi, mwanamume na mwanamke sawasawa. Ndugu wa baba na mama ni asaba, hutwaa kilichobaki, na mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Mbaya zaidi ni neno binamu. Asili yake ni mwana wa ami, na mwana wa ami ni mrithi akikosekana aliye karibu kuliko yeye. Lakini watu humwita binamu mwana wa shangazi na mwana wa mjomba na mwana wa mama mdogo, na hao wote si warithi katika kauli ya Zaid. Yeye hakuwapa kitu jamaa hao wa upande wa mwanamke, akasema mali ikikosa mwenyewe huingia Baitulmali. Imam Shafi akafuata hivyo hivyo. Kisha maulamaa wa baadaye wa madhehebu yake, walipoona Baitulmali haiendeshwi kwa haki, wakafutu mali irejeshwe kwa wenye mafungu, na wakikosekana hao wapewe jamaa hao wa tumboni. Kadhi mwenye kuletewa kesi leo, akisikia binamu asiandike neno hilo, na aulize ni bin ami gani.

Katika masuala yote aliyoulizwa Zaid, lililokuwa zito kuliko yote ni la babu pamoja na ndugu. Mtu amekufa, baba yake alikwisha kufa mbele yake, ameacha babu mzaa baba, na ameacha ndugu zake wa baba na mama au wa kwa baba. Nani mrithi? Kurani imemtaja baba, na imewataja ndugu katika aya za kalala, wala babu hakutajwa kwa jina. Sayyidna Abubakar alimhesabu babu kuwa ni baba, akawazuia ndugu wote kwake, na hivyo ndivyo walivyosema Ibn Abbas na Ibn Zubair na Bibi Aisha. Na ndiyo kauli iliyochukuliwa baadaye na Imam Abu Hanifa.

Sayyidna Umar naye alikuwa akielekea huko, lakini moyo wake haukutulia. Aliwauliza watu nani ajuaye Mtume alimpa nini babu. Maaqil bin Yasar akasimama akasema alimpa sudusi. Umar akamwuliza, pamoja na nani? Maaqil akasema hajui. Umar akamwambia basi hilo halifai kitu. Na haki ni yake, kwani fungu la mtu halijulikani mpaka ajulikane aliyekaa naye.

Kisha jambo likamfika Umar mwenyewe nyumbani mwake. Alikufa mjukuu wake, akaacha ndugu, na Umar ndiye babu; na yasemekana yeye ni babu wa kwanza aliyerithi katika Uislamu. Akataka kuitwaa mali yote. Lakini kwa kuwa yeye ni khalifa na ndiye mwenye kutwaa, aliogopa kuhukumu katika jambo la nafsi yake bila ya shauri. Akenda kwa Zaid. Alipobisha hodi Zaid alikuwa akichanwa nywele na kijakazi wake, akataka kukiondoa kichwa chake. Umar akamwambia amwache amalize. Zaid akamwambia lau ungetuma mtu ningalikuja mimi. Umar akajibu yakuwa haja ni yake, naye ndiye wa kuifuata. Akamwuliza habari ya babu. Zaid akakataa kusema. Umar akamweleza yakuwa si wahyi huu ambao mtu ataongeza au kupunguza, ni rai tu, wakiwafikiana ataifuata, na wasipowafikiana hana lawama. Zaid akakataa tena, na Umar akatoka amekasirika.

Siku nyingine akaja saa ile ile, wala hakuondoka mpaka Zaid alipokubali kumwandikia. Akaandika juu ya kipande cha ubao wa tandiko la ngamia, akampigia mfano wa mti. Mti una shina moja, na katika shina limetoka tawi, na katika tawi hilo vikachipua vitawi viwili. Shina ni babu, tawi ni baba, na vitawi viwili ni maiti na nduguye. Kikikatwa kitawi kimoja, maji yaliyokuwa yakikiendea huenda kwa kile cha pili, kwa kuwa wote wawili watoka katika tawi moja, wala hayarudi yote shinani. Na imepokewa yakuwa Sayyidna Ali naye alipoulizwa alipiga mfano kama huo, ila yeye aliutoa katika mto na vijito vyake. Umar akakichukua kile kipande cha ubao, akapanda mimbari, akawasomea watu, akatangaza kuwa Zaid amesema kauli katika babu naye ameipitisha. Akaigawa mali ya mjukuu wake pamoja na wale ndugu. Mtu aliyekuwa na amri juu ya Sham na Iraki na Misri akatoa mkononi mwake mali aliyodhani ni yake, kwa hoja ya kitawi cha mti.

Hukumu ya Zaid ni hii. Ikiwa hapana mwenye fungu jingine, babu hutazamiwa lililo bora kwake katika mambo mawili: ahesabiwe kama ndugu mmoja agawane nao, au apewe thuluthi ya mali yote. Akiwa na ndugu mmoja, nusu kwa nusu. Akiwa na wawili, yote mawili ni sawa, kila mmoja thuluthi. Wakiwa watatu au zaidi, yeye thuluthi yake haipungui, nao wagawane thuluthi mbili. Na wakiwapo wenye mafungu, kama mke au mama au binti, hao hutoa mafungu yao kwanza, kisha babu hutazamiwa lililo bora katika matatu: kugawana na ndugu, au thuluthi ya kilichobaki, au sudusi ya mali yote. Ndivyo alivyokuwa: hakumfanya babu kuwa baba kamili, wala hakumfanya kuwa ndugu tu.

Na katika uangalifu wake ni lile la kuhesabu. Maiti ameacha babu, na ndugu mmoja wa baba na mama, na ndugu mmoja wa kwa baba. Ndugu wa kwa baba huzuiliwa na wa baba na mama, hapana shaka. Lakini Zaid humhesabu mbele ya babu, kwa kuwa kwa upande wa babu wote wawili ni wana wa mwanawe, hapana tofauti. Basi wahesabiwa watatu, babu apata thuluthi. Akisha kuondoka babu na fungu lake, wale wawili wabaki wao kwa wao, na hapo wa baba na mama humzuia mwenziwe, akatwaa thuluthi mbili zote. Mtu mmoja amekuwa ndugu kwa hesabu ya huyu, na si mrithi kwa hesabu ya yule. Wanafunzi wengi hucheka wanapolifikia jambo hili mara ya kwanza, kisha huliona.

Liko na suala moja liitwalo Akdariya, na katika maulamaa wako waliosema limeitwa hivyo kwa kuwa lilizichafulia maji kanuni za Zaid. Mwanamke amekufa, ameacha mume, na mama, na babu, na dada mmoja wa baba na mama. Mume ana nusu, mama thuluthi, babu sudusi, na hapo mali imekwisha, dada hakubakiwa na kitu. Zaid hakumtoa. Alimpa nusu yake, mafungu 6 yakapanda kuwa 9. Kisha akalichanganya fungu la dada na la babu, wakagawana mwanamume mara mbili ya mwanamke. Mali ikawa mafungu 27: mume 9, mama 6, babu 8, dada 4.

Aliyempinga zaidi ni Abdallah bin Abbas. Alistaajabu jinsi Zaid amfanyavyo mwana wa mwana kuwa ni mwana, kisha asimfanye baba wa baba kuwa ni baba, hata akasema yu tayari kuapizana juu ya suala hilo. Na hoja yake si nyepesi. Walikhitalifiana pia katika mama akiwa pamoja na baba na mume au mke: Zaid humpa mama thuluthi ya kilichobaki baada ya mume au mke, na Ibn Abbas humpa thuluthi ya mali yote. Ibn Abbas alimtuma Ikrima kwa Zaid amwulize ni wapi katika Kitabu cha Mungu ameikuta thuluthi ya kilichobaki. Zaid hakughadhibika, alijibu yakuwa kila mmoja wao asema kwa rai yake.

Na watu hawa wawili waliokhitalifiana hivyo ndio wale wa khabari mashuhuri ya kipando. Zaid alitaka kupanda mnyama wake, Ibn Abbas akaja akamshikia kikuku cha kupandia. Zaid akamwomba aache, kwa kuwa ni mwana wa ami yake Mtume. Ibn Abbas akamwambia hivi ndivyo walivyoamriwa kuwafanyia maulamaa wao. Zaid akamwomba mkono wake, akaubusu, akamwambia hivi ndivyo walivyoamriwa kuwafanyia jamaa wa Mtume wao.

Zaid hakupenda kujibu masuala ya kudhania. Akiulizwa jambo, kwanza huuliza je, limetukia? Akiambiwa la, husema liacheni mpaka litukie. Muawiya alipomwandikia barua kumwuliza babu, alimjibu kwa kumtajia yale waliyohukumu makhalifa wawili waliotangulia aliowashuhudia, wakimpa babu nusu pamoja na ndugu mmoja, na thuluthi pamoja na wawili, wala wakiwa wengi zaidi hawampunguzi na thuluthi.

Sasa turejee nyumba ya Saad bin Rabii. Alipouawa Uhudi mkewe alikuwa na mimba, akazaa mtoto wa kike, akaitwa Ummu Saad. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mke wa Zaid bin Thabit na mama wa mwanawe Kharija. Katika mgawanyo ule wa kwanza, wa mabinti wawili na mama yao na ami yao, yeye alikuwa tumboni na fungu lake halikuhesabiwa. Miaka ikapita, hata Umar alipohukumu yakuwa aliye tumboni naye ni mrithi. Imepokewa kuwa siku hiyo Zaid aliingia kwa mkewe akamwambia, akitaka kudai mirathi ya baba yake na adai, kwani Amiri wa Waumini leo amemrithisha mtoto aliye tumboni. Mjuzi wa mirathi wa Madina yote amwambia mkewe haki yake, na haki hiyo iko mikononi mwa dada zake. Ummu Saad akasema hatadai kwa dada zake kitu.

Katika madhehebu yetu mpaka leo, mtu akifa na mkewe ana mimba, mali husimamishwa au huwekwa fungu la akiba mpaka azae, wala halitazamwi jambo hilo kwa haraka za warithi wakubwa.

Zaid alikufa Madina mwaka wa 45 wa Hijra katika kauli iliyo mashuhuri, nao ni mwaka 665 wa Miladi. Wako na waliosema baada ya hapo. Aliyemsalia ni Marwan bin Hakam, liwali wa Madina. Ibn Abbas, aliyempinga katika babu maisha yake yote, alikaa kivulini pa jengo siku ya maziko akawaambia watu yakuwa hivi ndivyo elimu inavyoondoka, na kwamba leo imezikwa elimu nyingi. Abu Huraira naye akasema amekufa mwanachuoni wa umma huu, na huenda Mungu akamjaalia Ibn Abbas kuwa badali yake.

Elimu yake ya mirathi ilipokewa na mwanawe Kharija, aliyekuwa mmoja wa mafakihi saba wa Madina, na kwa Kharija akaipokea Abu Zinad akaifasiri. Imam Malik akaitia katika Muwatta, na Imam Shafi akaishika. Imam Shafi hakumfuata Zaid kwa kufumba macho. Katika kitabu chake Risala alilipima suala la babu akaona yakuwa babu na ndugu wote wawili hawamfikii maiti wenyewe, humfikia kwa baba: babu hudai kuwa ni baba wa baba yake, na ndugu hudai kuwa ni mwana wa baba yake. Na lau baba huyo ndiye aliyekufa, akaacha baba na mwana, mwana angepata sudusi 5 na baba sudusi 1. Akasema basi vipi atolewe ndugu, ambaye njia yake ina nguvu zaidi, kwa ajili ya babu?

Kutoka hapo ikashuka mpaka kwa Rahbi, aliyekufa mwaka wa 577 wa Hijra, akaitia katika shairi lake la mirathi, na mwanzoni mwake akamtaja Zaid na kwamba Shafi amemfuata. Shairi hilo husomeshwa katika darasa za pwani hii. Mwanafunzi akifika mlango wa babu na ndugu, mwalimu huchora mti ubaoni kwa chaki, shina na tawi na vitawi viwili, kisha hufuta kitawi kimoja akamwuliza maji yanakwenda wapi.

Mwenyezi Mungu amwie radhi Zaid bin Thabit, na masahaba wote. Amin.